Jina Lililogeuka Fimbo

Jumamosi moja ya mwezi Machi, mwaka juzi, mtoto wa jirani alisahau kurudishia komeo la geti letu hapa Kihonda, Morogoro, na Doa akatoka mbio. Doa ni mbwa wa kienyeji, rangi yake kama udongo wa kichuguu, mwenye baka jeupe juu ya pua ambalo ndilo lililompatia jina. Siku hiyo alikuwa na miezi tisa. Ng'ambo ya barabara kuku watatu walikuwa wanachakura jalalani, na kati yao na Doa palikuwa na ile njia ya vumbi ambayo bodaboda huipita jioni kama wanafukuzwa. Nikamwita, "Doa!" Hakugeuka. "Doa! Doa! We Doa!" Nadhani nilimwita mara sita, kila mara kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza. Sikio lake la kushoto lilitikisika kidogo, basi. Sauti ilikuwa imemfikia. Hakuona sababu ya kuifuata.

Kijana wa bodaboda alikwepa, pikipiki ikaserereka, gurudumu la nyuma likampiga Doa pajani. Kijana hakuanguka, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Doa alitoa mlio mwembamba wa kukata maini, akakimbilia kwenye kalvati na kujibanza humo hadi giza likaingia. Nilipochuchumaa mdomoni mwa kalvati na kumwita tena, alinitupia jicho mara moja, kisha akageuza uso akautazama ukuta.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anaishi mzee mmoja mstaafu ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi ya kuongoza mbwa wa ulinzi. Alisikia kelele, akaja na tochi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Yumo humo?"

"Yumo. Namwita hataki kutoka."

Alimulika, akazima tochi upesi ili asimtie Doa mwanga machoni. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikuwahi kujiuliza: "Huyu, ukimwita akaja, huwa unamfanya nini?"

Nililala na swali hilo. Asubuhi namwita nimfunge mnyororo. Jumapili namwita nimwogeshe dawa ya kupe, ambayo anaichukia. Nikikuta ndala imetafunwa namwita, na akija namchapa nayo. Namwita atoke jikoni, namwita aache kumbwekea mgeni. Chakula chake kilikuwa kikimwagwa kwenye sufuria kuukuu nyuma ya nyumba bila mtu yeyote kutamka neno. Nilipomweleza mzee haya yote kesho yake, alitikisa kichwa kwa huruma. "Jina umeligeuza fimbo, mwanangu. Nani anaikimbilia fimbo?"

Tangu siku hiyo nimesoma, nimeuliza, na nimejaribu mengi uani kwangu. Nimefikia kuamini kwamba mbwa wengi tunaowaita wakaidi, wanaopigwa mawe na kufungwa minyororo mifupi kwa sababu "hawasikii", ni mbwa ambao hatujawahi kuwapa sababu ya kutugeukia.

Ivan Pavlov, mwanafiziolojia wa Urusi, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa namna chakula kinavyosagwa tumboni. Kufundisha mbwa hakukuwa kazi yake. Lakini katika maabara yake mjini St. Petersburg alitilia maanani jambo ambalo kila anayepika kwenye ua wenye mbwa amewahi kuliona: mbwa walianza kudondokwa na mate kabla chakula hakijafika, kwa kusikia tu hatua za mtu aliyezoea kukileta. Sauti ile haina ladha wala harufu, lakini ilikuwa imebeba maana ya kile kinachoifuata. Hivyo ndivyo jina linavyofanya kazi kichwani mwa mbwa. Sidhani kama Doa alijua kwamba "Doa" ni yeye. Alijua "Doa" hufuatwa na nini, na kwa miezi saba aliyokaa kwangu lilikuwa likifuatwa na mnyororo, dawa ya kupe au ndala. Kutogeuka kwake kulikuwa busara.

Cha kutia moyo ni kwamba mbwa huzaliwa akiwa na mwelekeo wa kututazama. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd jijini Budapest, akiwemo Ádám Miklósi, walichapisha jaribio ambalo kila ninapolikumbuka natabasamu. Walichukua mbwa na mbwa mwitu wa Ulaya (si hawa mbwa mwitu wetu wa mabaka wa Selous na Serengeti, ni wale wakubwa wa kijivu wanaotajwa kuwa ukoo wa mbwa wote wa nyumbani). Wote walikuwa wamelelewa mikononi mwa watu tangu wakiwa vitoto. Wakafundishwa kupata nyama kwa kufungua chombo au kuvuta kamba, na wote wakaweza. Kisha watafiti wakakifunga chombo kisifunguke, wakaikaza kamba isivutike. Mbwa mwitu waliendelea kuhangaika peke yao. Mbwa walijaribu kidogo, wakasimama, wakageuka kumtazama mtu usoni.

Mtu aliyelea mbwa anakujua kutazama huko. Ni kule kwa mtoto aliyeshindwa kufungua kopo, akakuletea.

Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 2015, kundi la watafiti wa Japani likiongozwa na Miho Nagasawa lilionyesha kwamba mbwa na mwenyewe wanapotazamana kwa muda, homoni ya oksitosini huongezeka kwa wote wawili. Hiyo ndiyo homoni inayohusika pia na mapenzi ya mama na mtoto anayenyonya. Mbwa mwitu waliolelewa na watu hawakuwa na jambo hilo. Mwaka 2019 wengine wakagundua kwamba mbwa ana msuli mdogo wa kuinua nyusi upande wa ndani, ule unaomfanya aonekane ana huzuni, wakati kwa mbwa mwitu pameonekana nyuzi chache tu. Maelfu ya miaka ya kuishi nasi yamechonga hata uso.

Jaribio jingine la mwaka 2003, la Leipzig, Ujerumani, ndilo lililonigusa zaidi mimi binafsi. Mbwa aliwekewa chakula sakafuni na kukatazwa asikile, na mtu akakaa hapohapo chumbani. Mtu alipokuwa anamtazama, mbwa alijizuia. Mtu alipofumba macho, au kugeuza mgongo, au kuzama kwenye mchezo wa kompyuta, chakula kililiwa mara nyingi zaidi. Yaani mbwa anajua kama upo au haupo, hata umekaa hatua mbili kutoka kwake. Fikiria sasa jioni zetu. Tunatoka na mbwa, kamba mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia, macho kwenye kioo. Kisha tunamtaka yeye awe makini nasi. Tulipokuja kuanza kumfundisha Doa, wiki ya kwanza mzee alinipa sharti moja: simu ibaki ndani.

Hapa kwetu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani havilisemi sana. Mbwa wa kienyeji kwa sehemu kubwa anajitafutia. Anajua jalala la mama ntilie linamwagwa saa ngapi, anajua machinjio yako wapi, anajua siku ya gulio. Nyumbani anapata pumba na mabaki, siku nyingine hapati. Mbwa wa namna hii ni mwerevu kwelikweli, lakini macho yake yameelekezwa kwenye dunia. Kwa nini akutazame wewe, ambaye husimami kati yake na shibe?

Mfano wake mzuri ni mbwa wa misitu ya Kongo ambaye duniani anajulikana kwa jina la basenji, jina lenye undugu na neno letu "washenzi", kwani wageni walimwita mbwa wa watu wa porini. Habweki kama mbwa wengine. Hutoa sauti ya kughani. Wawindaji wa misituni humfunga njuga ya mti shingoni ili wajue yuko wapi, maana yeye hutangulia mbele vichakani kumkurupusha mnyama aingie wavuni. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Stanley Coren alitoa kitabu chenye orodha ya mbwa kwa utii, kutokana na maoni ya waamuzi wa mashindano, na basenji akawekwa karibu kabisa na mkiani. Wengi waliisoma kama orodha ya akili. Mimi naona ni uonevu. Mbwa aliyezaliwa kizazi baada ya kizazi kwa kazi ya kutangulia kwenye giza la msitu na kuamua mwenyewe, hawezi kupimwa kwa kuketi mara ya kwanza akiambiwa "keti". Doa ana damu ya namna hiyo. Kumfundisha kunitazama kulimaanisha kumshawishi kwamba mimi nami ni sehemu ya uwindaji.

Basi tukaanza. Sufuria ya nyuma ya nyumba ikaondolewa, na kwa majuma matatu chakula chote cha Doa kikapitia kwangu.

Asubuhi ya kwanza nilichukua dagaa wakavu kumi wa Mwanza, nikamkata kila mmoja vipande viwili. Kipande hakizidi kucha ya kidole cha mwisho. Mbwa hahesabu uzito, anahesabu mara. Nilikaa kwenye kigoda chini ya mwembe saa kumi na mbili na nusu, kabla watoto hawajaamka na kabla redio ya jirani haijawashwa. Nikafumbata kipande kimoja katika ngumi ya kulia, nikaunyoosha mkono pembeni, usawa wa bega, asiweze kuufikia. Nikanyamaza.

Doa aliukodolea macho mkono. Pua ilimcheza. Alisogea, akasimama kwa miguu ya nyuma, akashindwa, akashuka. Akabweka mara moja, ile sauti fupi ya kudai. Akazunguka kigoda. Akaketi. Bado macho kwenye ngumi. Hapa ndipo mdomo unapomwasha mtu: unataka kusema "nitazame, Doa, nitazame!" Mzee alikuwa amenionya nisitie neno hata moja, kwa sababu neno lisilo na maana bado ni kelele, na kelele ndizo zilizotufikisha pale. Nikangoja. Bega likaanza kuuma. Kisha, baada ya kuchoshwa na fumbo lile, macho yake yaliondoka kwenye ngumi yakaja usoni pangu, kufumba na kufumbua, kama anayeuliza, "Sasa je?"

"Ndiyo!" nikasema papo hapo, nikamdondoshea kipande.

Mara ya pili alikawia tena. Mara ya tatu alikawia kidogo. Ilipofika kipande cha tisa hakushughulika na mkono kabisa. Aliketi mbele yangu akaninyooshea uso, masikio mbele, paji limekunjamana. Miezi saba niliyokaa na mbwa huyu sikuwa nimewahi kujua kwamba macho yake yana rangi ya asali ya nyuki wadogo, na kwamba la kulia lina alama ndogo nyeusi. Dagaa kumi tu, na tulikuwa tumemaliza kabla chai haijachemka.

Siri iko kwenye lile neno "ndiyo" na wakati wake. Lazima litoke katika nukta ileile ambayo macho yamegusana, maana likichelewa unalipia kitu kingine: kujikuna, kupiga miayo, kutazama kuku. Wapo wanaotumia kidude kidogo cha kubonyeza chenye mlio wa "ta!" badala ya neno. Aliyekieneza sana ni Mmarekani Karen Pryor, ambaye miaka ya 1960 alikuwa akifundisha pomboo huko Hawaii, na mwaka 1984 akaandika kitabu kilichobadilisha fikra za wafundishaji wengi wa mbwa. Kazi ya pomboo ilikuwa mwalimu wake. Pomboo huwezi kumvika mnyororo wala kumchapa. Akikasirika anaogelea zake. Unabaki na filimbi na samaki, na subira yako.

Sisi wa Morogoro hatuhitaji kwenda Hawaii kuyaona haya. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa tangu mwaka 2000 likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Panya hujifunza kwanza kwamba mlio wa "ta" maana yake chakula kinakuja. Akishaujua huo, unaweza kumwambia kwa mlio mmoja, "hapo, hapohapo ulipoweka pua, ndipo." Malipo yake ni ndizi iliyopondwa. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa na kufundishwa hapa hapa, alipelekwa Kambodia akafichua zaidi ya mabomu na vilipuzi mia moja, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamvisha nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Kama panya buku, ambaye vijijini tunamtegea mitego, anaweza kufundishwa kwa ndizi na mlio bila kipigo hata kimoja, mbwa aliyezaliwa mlangoni kwetu atashindwaje?

Wengine huniambia, "Hiyo ni hongo. Siku huna dagaa, hakujui." Nalijibu hili kila mara kwa uzito kwa sababu si swali la kupuuza. Hongo hutangulia kazi, ujira hufuata. Ukimwonyesha mbwa dagaa kwanza ndipo aje, umehonga, na kweli siku mkono ukiwa mtupu hatakuja. Waswahili walishalimaliza: mkono mtupu haulambwi. Lakini dagaa anapotoka mfukoni baada ya mbwa kukugeukia, bila yeye kumwona kabla, huo ni mshahara. Na baada ya wiki kadhaa mshahara hautolewi kila mara. Mara dagaa, mara maneno mazuri na kukunwa nyuma ya sikio, mara mbio za kufukuzana hadi kwenye mgomba, mara moja moja kipande cha pafu lililochemshwa, ambalo buchani hulipata kwa bei ndogo. Asiyejua zamu ya pafu ni lini hutazama kila mara.

Nimelelewa Tanga, katika nyumba ya Kiislamu, na najua wasomaji wengi wa Pwani wamefika hapa wakiwa na swali la mate. Katika madhehebu ya Shafii tunayoyafuata, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo mimi humdondoshea Doa chini, au huweka kwenye kifuniko cha kopo. Mafunzo ya macho hayahitaji ulimi. Kando ya bomba kuna kopo la udongo safi, na hakuna aliyewahi kuona tabu. Ila nataka nikumbushe jambo ambalo watoto wa chuoni hulipita upesi. Kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda kumeruhusiwa, na aya ya nne ya Suratul Maida imehalalisha windo la wanyama waliofundishwa. Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria, wakauliza: aliyefundishwa ni yupi? Kitabu kidogo cha mwanachuoni Abu Shujaa, ambacho wengi tumekisoma, kinaweka masharti. Akitumwa, aende. Akikatazwa, asimame. Akiua, asile. Na hayo yarudie mara kwa mara mpaka ijulikane si bahati. Tazama, basi: uhalali wa nyama sahanini umetegemezwa, pamoja na mengine, kwenye usikivu wa mbwa kwa mwenyewe. Wazee wetu wa fikihi walilichukulia suala hili kwa makini kuliko sisi tunaofunga mnyama kwenye mti na kumwita mkaidi.

Sehemu ngumu ilikuwa nje ya ua. Uani Doa alikuwa malaika. Getini tu, mbuzi akipita, nilikuwa sipo tena duniani. Mzee akaniambia kwamba hilo si ukaidi, ni darasa jipya, na mtoto aliyejua kusoma nyumbani kwenye utulivu hawezi kusoma sokoni. Nikanunua kamba ya katani ya mita kumi, ile ya kufungia mizigo, nikaifunga kwenye mkanda wa kifuani wa turubai, maana kamba ndefu shingoni inaweza kumkaba. Tulianza umbali ambao mbuzi anaonekana mdogo kama kopo. Doa akimwona mbuzi kisha akanigeukia mwenyewe, "ndiyo!" na pafu. Siku iliyofuata hatua tano karibu zaidi. Tukikaribia mno na macho yake yakaganda kwa mbuzi, sikumvuta wala kumkaripia. Nilirudi nyuma mpaka akumbuke kwamba nipo. Mwezi mzima tulikuwa tunakwenda mbele na nyuma kama wapimaji wa viwanja.

Jina nalo lilihitaji tiba yake. Mzee alishauri lisitumike kwa kuitia kwa muda, kwa kuwa limebeba kumbukumbu mbaya. Kwa "njoo" tukachagua kitu kipya ambacho hakijawahi kumletea ndala: mbinja mbili fupi. Jina likabaki kwa kazi moja ndogo, kugeuza uso. Nalitamka mara moja, kwa sauti ya kawaida, nikiwa karibu, akigeuka analipwa. Asipogeuka silirudii. Kila unaporudia jina bila jibu unamfundisha mbwa kwamba la kwanza halikuwa na maana, wala la pili. Na nikitaka kumwogesha dawa ya kupe, siku hizi simwiti. Naenda mwenyewe hadi alipo, namshika taratibu. Nikimwita nje ya geti ili nimfunge, kwanza nampa ujira wa kuja, kisha namwachia akimbie tena, mara nne, na ya tano ndiyo ya kufunga. Asilimia kubwa ya kuitwa kwake sasa huishia kwenye jambo jema, na mimi hufanya hesabu hiyo kila siku kama muuza duka.

Kuna siku nilirudi nyuma vibaya. Alikuwa na mwaka na miezi miwili, ule ujana ambao mbwa dume husikia upepo kuliko neno. Alinitoroka alfajiri, akarudi saa nne akinuka mzoga, na mimi nikiwa nimechelewa kazini na nina hasira, nilipiga mbinja, akaja mbio akitikisa mkia, nikamkaripia kwa ukali. Aliinama, akajilamba pua, akageuza uso ukutani. Ule uso wa kwenye kalvati. Sasa nilikuwa nimeshajifunza maana yake: mbwa anapokugeuzia uso na kujilamba pua hakudharau, anakuomba amani. Macho makavu yaliyokazwa ndiyo ugomvi kwao, ndiyo maana usimshike mbwa mwoga taya ukamlazimisha akutazame. Alikuwa ameniambia vilevile siku ile ya ajali, na mimi nikamwelewa kinyume. Ilituchukua siku kumi na moja mbinja irudi kuwa mbinja.

Yote haya yana uzito zaidi kuliko raha ya mtu mmoja na mbwa wake. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, wakiwemo watoto wengi, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Chanjo ya mbwa ndiyo kinga, na Shirika la Afya Duniani linasema ni lazima mbwa 70 kati ya kila 100 wachanjwe ili ugonjwa ukatike mahali. Wenye mbwa wengi wanataka kuchanja. Wanashindwa kumshika mbwa. Mbwa aliyezoea kwamba akiitwa anafungwa au anapigwa, siku ya chanjo ndiye wa kwanza kutokomea migombani.

Septemba mwaka jana chanjo ilitolewa katika uwanja wa shule ya msingi moja mtaani kwetu. Tulifika saa tatu. Wengine walivuta mbwa kwa waya wa umeme shingoni, mmoja alimleta ndani ya kiroba ametoa kichwa tu, mama mmoja alibeba kitoto kifuani kwa kanga. Kelele zilikuwa nyingi, mbwa wakitishiana, watoto wakipiga yowe. Doa alikuwa anatetemeka. Bwana mifugo alipoinama na sindano, nilitamka jina lake mara moja. Masikio yalikuja mbele. Lile jicho la asali lenye alama nyeusi likanitazama, likabaki pale, na sindano ikaingia na kutoka. "Ndiyo," nikasema, na sauti yenyewe ilinikwama kidogo.

Nilipokuwa najaziwa cheti, kijana wa kama miaka kumi na mbili alinivuta shati. Mbwa wake mweusi alikuwa amefungwa waya, amelala chini, miguu imekakamaa, hataki kwenda mbele wala nyuma. "Anko, umempa nini huyo akatulia?" Nikamwonyesha mfuko. Walikuwa wamebaki dagaa sita. Nikammwagia kiganjani, nikamwambia alegeze kwanza waya, achuchumae ubavuni asimwinamie, afumbate mmoja, anyooshe mkono pembeni, na asiseme kitu.

Akafanya hivyo. Mbwa mweusi aliinua pua, akaukodolea macho mkono. Foleni ikasogea, watu wakatupita. Kijana alinitazama, mimi nikamwonyesha kwa kidole: usinitazame mimi, mtazame yeye. Tukangoja.